SOMO LA WAFANYAKAZI: KIOO KINACHOULIZA NA KUNGOJA JIBU



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma mkataba na kuhesabu saa za ziada. Leo tunaingia katika jambo ambalo limetufikia bila kupiga hodi. Zamani mwajiri alipotaka kutufundisha kuzima moto au kushika dawa ya kunyunyizia mimea, alimleta msimamizi. Msimamizi alisimama mbele yetu, akasema, nasi tukauliza. Siku hizi hapa Hai Amarat, katika hoteli, maofisi na nyumba za kuta ndefu, mara nyingi msimamizi haji tena. Inaletwa tableti. Unaishika mkononi, inasema, inaonyesha picha, halafu inasimama na kukungoja ubonyeze. Usipobonyeza haiendi mbele.

Wataalamu hukiita kitu hicho medianuwai shirikishi. Jina ni zito, lakini tukilifungua si gumu. Medianuwai ni njia nyingi za kupashana habari zilizowekwa mahali pamoja: maandishi, picha, sauti, filamu na michoro inayotembea. Shirikishi maana yake ni kwamba mtazamaji ana sehemu yake. Anachagua, anajibu, anageuza, na kinachofuata hutegemea alichofanya. Sinema ina picha na sauti, lakini hata ukiipigia kelele itaendelea vile vile mpaka mwisho. Kwa hiyo sinema ni medianuwai, ila si shirikishi.

Tusidhani jambo hili lilizaliwa na intaneti. Katika miaka ya 1970 huko Nicaragua watoto walifundishwa hesabu kwa redio, na redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo ili darasa lijibu kwa sauti, kisha ikataja jibu lililo sahihi. Kenya ilijaribu njia hiyo kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini kati ya mwaka 1980 na 1985. Na hapa kwetu Sudan Kusini, kuanzia mwaka 2004, vita vikiwa vinaelekea kwisha na walimu wakiwa wachache mno, vilianza vipindi vya redio vya namna hiyo. Kimoja kiliitwa Learning Village, yaani Kijiji cha Kujifunzia. Kila kipindi kilikuwa nusu saa. Watoto waliimba, walisimama, walihesabu, walijibu redio kana kwamba ni mtu.

Redio ile ilifanya kazi kubwa na hatuidharau. Lakini tuseme ukweli: redio haikuwa na masikio. Ilikuwa imeachiwa tu nafasi ya ukimya. Darasa likijibu vizuri, redio ilisifu. Darasa likikosea, au likiwa tupu kwa sababu mvua ilifunga njia, redio ilisifu vile vile. Ndugu msomaji, shika jambo hilo, maana tutalihitaji mbele: kuachiwa nafasi ya kujibu si sawa na kusikilizwa.

Tanzania ilipiga hatua nyingine mwaka 2014 kwa kipindi cha katuni cha Ubongo Kids. Mtoto aliangalia televisheni, akaulizwa swali la hesabu, akajibu kwa ujumbe wa maneno kwa simu ya kawaida ya mzazi wake, na jibu likamrudia kwenye simu hiyo. Hapo sasa neno la mtoto lilisafiri kweli na kufika mahali.

Sasa tuje kwenye intaneti. Mtandao wa kurasa tunaoutumia leo ulianza na pendekezo la Tim Berners-Lee, mtaalamu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN huko Geneva, mwaka 1989. Mwaka 1993 kituo hicho kiliruhusu watu wote wautumie bure. Kurasa za mwanzo zilikuwa maneno matupu, lakini baadhi ya maneno yalitiwa alama. Ukiligusa neno hilo unapelekwa ukurasa mwingine. Hicho ndicho kiungo, na ndicho mzazi wa vyote vilivyofuata. Mwaka huo huo wa 1993 ilitoka programu ya Mosaic iliyoweka picha na maandishi katika ukurasa mmoja, na baadaye sauti na filamu zikaja. Sisi wa Juba tulichelewa. Kwa miaka mingi tulitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza, mpaka mwaka 2020 waya wa fiber ulipofika mjini kutoka upande wa Uganda.

Sura za medianuwai shirikishi katika mtandao ni nyingi, na hatutazimaliza. Tuchukue zile zinazotugusa.

Ipo ramani. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kuzusha mauaji, Wakenya na rafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza mnamo Januari 2008 tovuti iliyoitwa Ushahidi. Mtu aliyeona nyumba ikichomwa alituma habari kwa simu au kwa kompyuta, na habari hiyo ikawekwa kama alama kwenye ramani ili wengine waione. Tazameni vizuri: katika ramani ile mwananchi hakuchagua jibu lililoandaliwa na mwingine. Alileta habari yake mwenyewe. Programu hiyo imetumika tangu wakati huo katika nchi nyingi penye maafa na penye uchaguzi.

Upo mchezo. Hapa tunaye ndugu yetu Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo alitembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Akajifundisha kutengeneza michezo ya kompyuta, na wa kwake unaitwa Salaam. Anayecheza anakuwa mkimbizi anayekimbia mashambulizi, akitafuta maji, chakula na dawa njiani. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani katika sherehe ya The Game Awards. Kijana anayecheza mchezo huo anaufahamu ukimbizi kwa vidole vyake, jambo ambalo hotuba haiwezi kumpa. Hiyo ndiyo nguvu ya ushirikishi ukitumiwa vizuri, nasi hatuna ugomvi nayo.

Lipo pia zoezi la kuiga kazi: kioo kinaonyesha mashine au jiko, nawe unagusa swichi ya kuzima. Ukikosea hakuna anayeungua. Rubani wa ndege hujifunza kwa njia inayofanana na hiyo, na mwendesha mashine wa kiwandani naye anaistahili.

Na lipo jaribio, yaani maswali yenye majibu manne ambapo unabonyeza moja. Ndilo lililo rahisi kulitengeneza, na kwa hiyo ndilo mwajiri analolipenda. Juu ya hili tutakaa kidogo.

Katika sehemu moja ya kazi hapa Hai Amarat, ambayo hatutaitaja, wapishi, wafagiaji, walinzi na madereva kumi na mmoja waliletewa somo la moto katika tableti moja. Somo lilikuwa la Kiingereza. Wengi wao wanazungumza Kiarabu cha Juba nyumbani, na Kiswahili walichokileta kutoka Kakuma, Arua au Nairobi. Mtunza stoo aliyekijua Kiingereza akawabonyezea wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatolewa cheti. Miezi kadhaa baadaye mafuta ya kukaangia yakawaka jikoni, na mpishi akayamwagia maji. Kila mpishi aliyefundishwa anajua matokeo yake: maji huzama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke ghafla, na kuyarusha mafuta yanayowaka juu mpaka darini. Unatakiwa kufunga gesi na kufunika sufuria kwa kifuniko au blanketi la moto, basi. Kwa bahati aliungua mkono tu.

Lakini alipotoka hospitali alikuta barua ya onyo. Mwajiri aliweka mezani karatasi kutoka kwenye tableti: huyu alisoma somo tarehe fulani, akapata alama 90, akabonyeza mahali palipoandikwa kwamba ameelewa. Kubonyeza kule kumegeuzwa kuwa sahihi yake.

Tulipoitwa tuliomba kitu kimoja tu. Tuliomba tuonyeshwe kumbukumbu yote, si alama peke yake. Maana masomo ya namna hii, yakitolewa kwa mpango wa kompyuta, kwa kawaida huandika mengi: saa uliyofungua, dakika ulizokaa, maswali uliyokosea, mara ngapi umerudia. Kumbukumbu ilipofunguliwa ilionyesha kwamba mtu wa kwanza alianza saa mbili na dakika kumi asubuhi, na wa kumi na moja akamaliza saa tatu na dakika tano. Watu kumi na mmoja, tableti moja, dakika 55. Kila mtu dakika tano. Na filamu iliyo ndani ya somo lile, peke yake, ni dakika kumi na mbili. Hatukuhitaji kusema zaidi. Barua ya onyo iliondolewa katika faili.

Ndugu wa viwandani na wa mashambani wasiseme haya ni mambo ya wapishi wa mjini. Anayenyunyizia dawa kwenye maua au chai ataletewa somo hilo hilo katika simu: vaa glavu, vaa barakoa, bonyeza umeelewa. Je, swali la nne linauliza kama glavu zipo stoo? Haliulizi. Je, kuna jibu linalosema “barakoa niliyopewa imetoboka”? Halipo. Aliyeandika somo ndiye aliyeandika na majibu, na ambalo hakulipenda hakuliweka. Hapo tunairudia ile redio isiyo na masikio, ila hii ya sasa ina mkono wa kuandika.

Jingine ni gharama. Tumewasikia wenzetu wanaoambiwa wafungue somo katika simu zao wenyewe, kwa bando lao wenyewe, usiku nyumbani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, na kanuni za mikataba ya msingi yapasa ziheshimiwe na kila nchi mwanachama, hata ile ambayo haijauridhia mkataba wenyewe. Sudan Kusini ni mwanachama tangu mwaka 2012. Kwa hiyo bando ni la mwajiri, na saa ya kujifunza ni saa ya kazi inayolipwa.

Tena msiutegemee mtandao kukutunzia ushahidi. Kwa miaka mingi masomo mengi ya kubonyeza yalitengenezwa kwa programu iitwayo Flash. Wenye nayo waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020, na Januari 2021 ikazuiwa kufanya kazi. Masomo ambayo hayakuhamishwa yakawa kioo cheusi. Na hapa nchini, Januari 2025, kampuni za simu ziliamriwa kufunga Facebook na TikTok, zikafunguliwa baada ya siku chache. Kilicho mtandaoni kinaweza kuzimwa na mtu usiyemjua. Karatasi iliyo katika mfuko wako haizimwi.

Katika mazungumzo na waajiri, matawi yadai hivi. Somo la usalama liwe katika lugha anayoielewa anayesoma, na sauti iwepo kwa asiyejua kusoma. Penye jambo la hatari, kama gesi, umeme, dawa na mashine zinazozunguka, baada ya kioo awepo mtu wa kuulizwa, na kila mmoja ashike kizima moto au kifuniko kwa mkono wake. Mfanyakazi apewe nakala ya kumbukumbu yake yote siku ile ile. Na kila jaribio liwe na nafasi tupu ya kuandika au kusema neno ambalo halimo katika majibu manne, na neno hilo lifike kwa kamati ya usalama. Hili la mwisho waajiri watalipinga kuliko yote, nasi tumeanza kuona hivyo. Watasema mtambo hauwezi. Waambieni kwamba ule wa Ushahidi uliweza mwaka 2008, kwa simu za vitufe.

Zoezi la vikundi vya kusoma: Kila mmoja alete somo moja la kioo alilopewa kazini, au alikumbuke kama hakuachiwa. Lilikuwa la lugha gani? Lilichukua dakika ngapi, na nani alibonyeza? Kuna swali gani ulilotaka kuuliza ukakosa pa kuliweka? Katibu wa kikundi aandike majibu kwa kalamu, bila majina, na kuyafikisha kwa mwakilishi wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Asiyeandika aseme, na jirani yake amwandikie, kisha amsomee alichoandika.