Shosho Halali Usiku? Niambie Mchana Anafanya Nini

Mwezi huu swali limekuwa lile lile, kutoka Kangemi, Kawangware hadi Uthiru: "Dada, shosho wetu yuko nyumba ya wazee. Matroni anasema halali. Saa tisa usiku yuko macho, anazunguka kwenye korido na kuamsha wenzake. Mwenye kemisti hapa mtaani ananiambia nimpelekee tembe za usingizi. Nipeleke?"

Usipeleke. Kaa hapa tuongee kwanza.

Niambie, shosho hulazwa saa ngapi? Mahali ambapo walezi ni wachache, chakula cha jioni huliwa mapema, zamu ya mchana hufungwa, na mlezi wa usiku huachiwa watu wengi. Saa moja wazee wote wako kitandani. Sasa piga hesabu nami. Mtu aliyepita miaka 65 anahitaji usingizi wa saa saba hadi nane. Akilala saa moja jioni, saa nane zinaishia saa tisa usiku. Shosho haumwi, mdogo wangu. Amemaliza kulala! Na hapo hatujahesabu alivyosinzia kwenye kiti tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana.

Ni kweli pia kwamba uzee hubadilisha usingizi. Huwa mwepesi, hukatikakatika, na saa ya mwili husogea mbele, hivyo mzee huchoka mapema na kuamka mapema. Saa hiyo ya mwili hurekebishwa na mwanga wa jua, hasa wa asubuhi. Hapa Nairobi hatuna uhaba wa jua: mwaka mzima linachomoza kama saa kumi na mbili unusu. Lakini mzee anayekaa ndani chini ya balbu, pazia zimefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, mwili wake haujui mchana ni upi na usiku ni upi.

Wengine mtasema, basi afanye mazoezi achoke, atalala. Nusu ya jibu ni hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti katika nyumba za wazee. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na kutembea, la pili likapewa shughuli za pamoja na watu, la tatu likapata vyote viwili, na la nne likaendelea na maisha ya kawaida. Usingizi uliboreka wazi kwa wale waliopata vyote viwili. Mazoezi peke yake hayakutosha, na gumzo peke yake halikutosha. Mzee anahitaji mwili utumike na moyo uwe na watu.

Hata hivyo, usitarajie muujiza. Huko Los Angeles, utafiti wa mwaka 2005 ulijaribu kuwatoa wazee vitandani mchana, kuwaotesha jua nusu saa au zaidi, kuwatembeza na kupunguza kelele na taa usiku. Kulala mchana kulipungua, lakini usiku mabadiliko yalikuwa madogo. Ninakwambia haya ili usimgombeze matroni baada ya wiki moja. Na hata usiku ukibaki mgumu kidogo, mzee anayekaa macho mchana akiwa na wenzake ameshapata faida.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Tunaenda kumwona Jumapili baada ya kanisa, wakati ameshakula na anasinzia. Tunabeba mkate, soda na nepi, tunapiga picha, tunakaa naye kwenye viti, tunaondoka. Nenda asubuhi, kama saa tatu. Mvalishe raba za kufunga wala si patipati, mpe sweta, mshike mkono, mzunguke uwanja wa nyumba hiyo. Asiyeweza kutembea, msukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka juani, mpe njahi achambue au mrushiane mpira laini. Kama anaweza kupanda gari na matroni ameruhusu, kuna Arboretum upande wa Kileleshwa, na katikati ya jiji kuna bustani ya Jeevanjee yenye mabenchi ya kupumzikia.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha ili wasianguke. Dakika hizo zikikutisha, zigawe: ni kama dakika 20 na kidogo kwa siku. Asiyefikia aanze na kile anachoweza. Kusimama kutoka kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kisha kukaa polepole, mara tano, ni mazoezi tosha ya kuanzia. Kama amewahi kupata kiharusi, kuvunjika nyonga au ana ugonjwa wa moyo, muulize daktari kwanza.

Na usiniambie shosho amezeeka sana kwa mambo haya. Kule Korogocho kuna mashosho wanaojifunza kujilinda kwa ngumi na mateke katika kundi la Shosho Jikinge. Wako pamoja, wanacheka, wanatoka jasho.

Kuhusu tembe: dawa za usingizi, na zile za mzio zinazosinzisha, humfanya mzee achanganyikiwe na apepesuke akienda chooni usiku. Huko ndiko nyonga huvunjika. Badala yake, peleka orodha ya dawa zake kwa daktari. Za presha zinazoongeza mkojo huenda zinafaa kunywewa asubuhi, lakini usibadilishe saa wala kuzikatiza wewe mwenyewe. Uliza pia kama magoti yanamuuma usiku, na chai ya mwisho hunywa saa ngapi. Akikoroma kisha pumzi ikakatika, akichanganyikiwa ghafla, au akiwa na huzuni kwa wiki kadhaa, apelekwe hospitalini.

Iwe nyumba yenu ni ile ya PCEA huko Thogoto, ya masista kule Kasarani, au nyingine yoyote, nenda kwa matroni kwa heshima. Walezi wana kazi nzito. Muulize mambo manne: wazee hutoka juani saa ngapi? Nani huwatembeza? Anayetaka kulala saa tatu badala ya saa moja anaruhusiwa? Usiku taa na kelele hupunguzwa vipi? Kisha mwambie mtasaidia nini. Familia tano zikigawana siku za wiki, kila asubuhi ya siku ya kazi ina mtu wa kuwatembeza wazee, wakiwemo wasio na wa kuwatembelea.

Wala msione aibu kwamba mzee wenu yuko huko. Aibu ni kumpeleka na kumsahau. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kutunzwa na familia zao pamoja na Dola. Kimeitaja familia waziwazi, na familia ni wewe.

Kwa hivyo pesa ulizotenga za tembe, nunua raba za saizi yake. Jumamosi hii asubuhi umpelekee, umvalishe, mtoke naye nje.