Gitaa Isiyotulia

Misisi ni mji wa wachimba dhahabu, kusini ya Baraka, katika nchi ya Fizi. Kijana mmoja wa huko alipiga gitaa ya umeme katika kwaya ya kanisa. Wanakwaya waliinunua kwa fedha waliyoichanga muda mrefu. Lakini kila Dominika, baada ya nyimbo mbili, sauti ya gitaa ilipotea. Watu wakanung'unika. Wengine walisema, "Kijana huyu hana masikio." Wengine, "Tumeuziwa kitu kibovu. Tukiuze."

Mwalimu wa kwaya akawajibu, "Tusihukumu kabla ya kuchunguza." Akamwita kijana, wakaketi pamoja.

Gitaa hiyo ina nyuzi sita za chuma, na mkono mdogo wa chuma kwenye daraja. Ukibonyeza mkono, daraja linainama, nyuzi zinalegea, na sauti inashuka. Ukiuachia, springi zilizo nyuma ya gitaa zinalirudisha daraja mahali pake. Leo Fender, fundi wa redio wa California, Marekani, alitoa gitaa ya namna hii mwaka 1954. Naye mwenyewe hakujua kupiga gitaa! Gitaa kavu, kama ile ya Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyenaswa sauti akipiga wimbo Masanga mwaka 1952, haina springi. Daraja lake halisogei.

"Mwanangu," akasema Mwalimu, "nyuzi sita zikikazwa, zinavuta kama mzigo wa kilo 40 hivi. Springi zinavuta upande wa pili. Ni kama watu wanaovutana kamba. Uzi mmoja ukilegea au ukikatika, springi zinashinda, na nyuzi nyingine zote zinapanda sauti."

"Basi, Mwalimu, tutajuaje kosa liko wapi?"

"Linganisha sauti, kisha piga bila kugusa mkono. Sauti ikipotea, kosa ni la nyuzi au vifungo vyake. Ikipotea baada ya kubonyeza mkono tu, nyuzi zinakwama mahali, au daraja halirudi sawasawa."

Wakafanya kazi hatua kwa hatua.

Kwanza, waliweka nyuzi mpya, mmoja baada ya mwingine, wakizungusha kila uzi mara mbili au tatu tu kwenye kifungo chake. Wakauvuta polepole kwa vidole na kuulinganisha tena, mpaka ukaacha kulegea.

Pili, walitazama kigongo kilicho juu ya shingo, chenye mifereji sita. Humo nyuzi zilikwama. Wakatia mferejini unga mweusi wa kalamu ya risasi, nyuzi zikateleza vizuri.

Tatu, walichomoa waya wa umeme, wakafungua kifuniko cha nyuma. Kwa bisibisi wakakaza kidogo skrubu mbili kubwa zinazoshika springi, wakalinganisha nyuzi, wakakaza tena, mpaka daraja likalala juu ya ubao. Tangu hapo mkono uliweza kushusha sauti, lakini si kuipandisha. Hata hivyo daraja likatulia.

Mwisho, Mwalimu alimfundisha kijana desturi moja: uzi ukipita sauti yake, ulegeze kwanza uwe chini, kisha uukaze kupanda. Ukiishia kwa kulegeza, utalegea tena.

Dominika iliyofuata gitaa ilitulia tangu wimbo wa kuingia hata wimbo wa mwisho. Nao waliomcheka kijana wakaja kumpa mkono.

Chombo kikikosa, tafuta sababu kabla ya kutafuta mtu wa kulaumiwa.

Maswali
1. Kwa nini watu walimlaumu kijana?
2. Springi zinafanya kazi gani?
3. Uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine zinakuwaje?
4. Unga wa kalamu ulisaidia nini?
5. Eleza jambo moja ulilolihukumu mtu kabla ya kuchunguza. Ungefanyaje leo?