Kutoka Darasa la Saikolojia hadi Kitanda cha Mgonjwa: Kipimo cha Haiba Hupima Nini?

Katika masomo ya mwanzo ya uuguzi na utabibu, ni vipindi vichache vinavyolichangamsha darasa kama kile cha vipimo vya haiba. Mwanafunzi hugawiwa karatasi ya maswali, huweka alama ya vema panapomfaa, hujumlisha alama zake, kisha husoma kwamba yeye ni mtu mkimya, mwangalifu na mwenye huruma. Wengi hutabasamu na kukiri kuwa karatasi imewajua. Miezi michache baadaye mwanafunzi huyohuyo huwa wodini au kwenye zahanati, akimhudumia mtu ambaye naye amekwisha kupewa jina: mkaidi, mvivu, mtoro. Hakuna karatasi ya maswali iliyotumika kumpa jina hilo, lakini jina limeshika, na huenda likaamua tiba atakayoipata.

Makala haya yanaeleza vipimo vya haiba vilitoka wapi, kwa nini maswali yake hupotea njia yanapofika Masasi na Newala, na namna mhudumu wa afya anavyoweza kutofautisha haiba, mazingira na ugonjwa.

Haiba ni nini

Wanasaikolojia huita haiba ule mwelekeo wa mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda, unaodumu kwa miaka na kujitokeza katika mazingira mengi. Neno kuu hapa ni kudumu. Mtu aliyekasirika leo kwa sababu amepanga foleni tangu alfajiri hajaonyesha haiba yake bado. Ameonyesha uchovu wake. Haiba hujulikana kwa kumwona mtu nyumbani, kazini, msibani na sherehe­ni, katika neema na katika dhiki. Mhudumu anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi haoni yote hayo.

Hamu ya kuwapanga watu katika mafungu ni ya kale. Galen, tabibu wa karne ya 2 katika dola ya Kirumi, alihusisha tabia za watu na majimaji manne ya mwili. Katika karne ya 20, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers wa Marekani walitumia mawazo ya Carl Jung kutengeneza dodoso linalowagawa watu katika aina 16. Dodoso hilo lina umaarufu mkubwa maofisini, lakini lina kasoro: watu wengi wakilijaza tena baada ya wiki chache hujikuta katika aina nyingine. Mizani inayotoa uzito tofauti kila mtoto yuleyule anapopandishwa haifai kliniki ya watoto. Kipimo cha haiba nacho hustahili kuhukumiwa vivyo hivyo.

Kwa nini majibu hufurahisha

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Aliwaomba wayape maelezo hayo alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kadiri yalivyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo alipowafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, aliyoyaokota katika kitabu cha nyota. Maneno kama "una uwezo ambao hujautumia" humfaa kila mtu, na kila mtu huyapokea kama yake.

Funzo lake linawahusu wagonjwa pia. Mtu anayetibiwa kwa ramli na anayejibu dodoso la kwenye simu wote wawili wanaweza kuridhika na maelezo ambayo hayakupima chochote. Kuridhika kwa mteja si ushahidi kwamba kipimo ni sahihi.

Dodoso lililozaliwa katika kamusi ya Kiingereza

Kipimo kinachoaminiwa zaidi na watafiti leo ni kile cha sifa kuu tano: uwazi kwa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Chimbuko la njia hii ni kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza, wakakusanya karibu maneno 18,000 yanayoeleza watu. Wazo lao lilikuwa kwamba sifa muhimu kwa watu lazima itakuwa imepewa jina. Watafiti wa baadaye waliyachuja maneno hayo kwa hesabu hadi yakabaki mafungu machache.

Wazo ni zuri, ila linazaa swali: je, kamusi ingekuwa ya lugha nyingine? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane nchini Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni. Mafungu matano hayakujitokeza. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa maneno ya haiba katika lugha ya Kimaa, inayozungumzwa na Wamasai wa Kenya na Tanzania, na hapo pia mafungu matano hayakujitokeza kwa namna ileile.

Kiswahili nacho kina mizani yake. Mtu husemwa kuwa ni mpole, mkali, mchangamfu, mkimya au mkorofi. Lakini sifa inayopita zote ni kwamba ana utu au hana. Utu hauonekani mtu akiwa peke yake na karatasi. Huonekana katika namna anavyowatendea jamaa, jirani na mgeni. Dodoso linalomuuliza mtu kuhusu nafsi yake pekee huenda likaacha nje jambo ambalo wenzake wangelitaja kwanza.

Swali linapofika Newala

Masasi iko chini, kati ya vilima vyake vya mawe. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ikilitazama bonde la mto Ruvuma. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huko hujibu maswali ya kliniki kwa Kiswahili, ambacho kwa wazee wengi si lugha ya kwanza. Maswali manne ya kawaida ya haiba yanatosha kuonyesha ugumu uliopo.

La kwanza: "Je, unapenda kwenda kwenye sherehe?" Kwa mtunga swali, jibu la ndiyo ni dalili ya uchangamfu. Lakini mama wa Newala anayehudhuria unyago wa binti wa nduguye, au jando la mpwa wake, anatimiza wajibu wa ukoo. Mkimya na mchangamfu wote watakwenda. Jibu halipimi haiba, linapima undugu.

La pili: "Je, huwa unawatania watu hata wakaudhika?" Mahali penye utani, mtani ana haki ya kumsema mtani wake maneno makali, hata msibani, na anayetaniwa hatazamiwi kukasirika. Anayejibu ndiyo si mgomvi. Anaijua nafasi yake.

La tatu: "Je, huogopi watu usiowajua?" Mzungumzaji wa Kiswahili asiye mwoga anaweza kujibu "Ndiyo", akiwa na maana "Ndiyo, siogopi". Anayejumlisha alama kwa kufuata karatasi iliyotafsiriwa atamwandika kuwa mwoga. Swali la kukanusha lapaswa kuondolewa kabla halijafika kwa mgonjwa.

La nne si swali bali ni adabu. Kijana aliyetoka kumwamkia mhudumu "Shikamoo" anaona vigumu kumpinga dakika inayofuata. Ataitikia "Ndiyo" mara kumi kwa heshima. Dodoso lenye majibu ya ndiyo matupu mara nyingi hueleza uhusiano wa wawili hao kuliko nafsi ya mmoja wao.

Jambo hili lina historia mahali hapo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya makabila, alisafiri kusini na kukaa Masasi na Newala. Alikusanya vifaa vya nyumbani, akanasa nyimbo kwa fonografu na kuwapa watu karatasi wachore. Safari hiyo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1908. Kazi yake ina thamani hadi leo. Hata hivyo, alifika akisindikizwa na askari wa serikali ya kikoloni, wakati Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 havijamalizika. Majibu anayopewa mgeni wa namna hiyo hayawezi kutenganishwa na bunduki zilizo nyuma yake. Koti jeupe si bunduki, lakini nalo hubadilisha majibu.

Jina linapoandikwa kwenye faili

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kueleza tendo la mwenzake kwa tabia yake na kusahau mazingira yake. Mtu akichelewa mwenyewe, husema gari liliharibika. Akichelewa mwingine, husema ni mzembe.

Uchukuliwe mfano wa mkulima wa korosho mwenye shinikizo la damu ambaye hajaonekana kliniki kwa miezi mitatu. Kwenye rejista ataitwa mtoro, na atakaporudi atapokewa kama mtoro. Lakini fedha za mkulima huyo huingia kwa msimu: mikorosho hupuliziwa dawa katikati ya mwaka, mavuno na minada hufuata kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo nauli na dawa vinaweza kuwa mzigo usiobebeka. Aidha, juu ya uwanda maji ya juu ya ardhi ni haba, na tangu zamani watu, hasa wanawake, wamekuwa wakiteremka mabondeni kuyatafuta. Siku ya kliniki huenda ikawa siku ya maji. Mtu huyu hahitaji mahubiri kuhusu ukaidi. Anahitaji kuulizwa swali moja: "Ni jambo gani lilikuwa gumu mwezi huu?" Jibu lake linaweza kuongoza kwenye dawa za muda mrefu zaidi, tarehe nyingine, au zahanati iliyo karibu naye.

Jina la tabia hufunga uchunguzi. Akishaitwa mkaidi, hakuna anayetafuta sababu.

Haiba inapobadilika

Kwa kuwa haiba hudumu, kubadilika kwake ni dalili. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na mtaimbo kupitia fuvu la kichwa. Alipona, lakini daktari wake aliandika kwamba mtu aliyekuwa na utaratibu amekuwa mwenye jazba na asiyetulia. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyowasaidia matabibu kuona kwamba tabia ina makao katika ubongo, na ubongo huumia. Leo kijana aliyeanguka na bodaboda na kisha "kuwa mkorofi" anastahili kuulizwa kuhusu kichwa chake kabla ya kuulizwa kuhusu adabu yake.

Mabadiliko ya saa chache au siku chache, hasa yakiambatana na kuchanganyikiwa, ni dharura. Joto la mwili, sukari ya damu na malaria vipimwe mara moja, na homa ya uti wa mgongo isisahauliwe. Mabadiliko ya wiki au miezi yaweza kutokana na sonona, maambukizi ya VVU au kaswende katika ubongo, maradhi ya tezi ya shingo, uvimbe wa ubongo, pombe, au dawa anazotumia mgonjwa. Kwa mzee, yaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Mama aliyejifungua anastahili kutajwa peke yake. Mchangamfu aliyeacha kuoga, kupika na kumtazama mtoto huitwa mvivu au mwenye kiburi, naye huenda ana sonona. Dodoso la maswali tisa lililochapishwa mwaka 2001 hutumika sehemu nyingi duniani, Tanzania ikiwemo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27, na alama 10 au zaidi hudai uchunguzi wa kina. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri halisubiri kujumlishwa. Mgonjwa huulizwa zaidi papo hapo, wala haachwi peke yake.

Dodoso la namna hii halipimi mtu ni wa aina gani. Linauliza amekuwaje katika wiki mbili zilizopita. Na hata lenyewe lazima lipimwe hapa nchini. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza dodoso la kigeni la dalili za huzuni na wasiwasi kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam; mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 lililotungwa Tanzania kwa ajili ya kutambua sonona. Mgonjwa anayesema "nina mawazo mengi" au "moyo umekuwa mzito" amekwisha kuanza kulijibu, ikiwa kuna anayemsikiliza.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mhudumu: andika ulichokiona, usiandike jina la tabia. "Hakumeza dawa siku kumi, alisema nauli haikupatikana" ni taarifa. "Mkaidi" ni hukumu. Uliza jamaa swali hili: "Je, ndivyo alivyokuwa siku zote?" Wakijibu kuwa amebadilika, tafuta ugonjwa.

Kwa mgonjwa na jamaa zake: mficha maradhi kifo humuumbua. Msione haya kueleza mabadiliko ya tabia kama mnavyoeleza homa. Tajeni yalianza lini, na kama yalitanguliwa na ajali, uzazi, msiba au dawa mpya.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja swali moja la dodoso la haiba ambalo mzee wa kijijini kwenu angelijibu kwa wajibu wa ukoo, si kwa tabia yake. Litunge upya.

2. Mgonjwa anayeitwa mtoro amerudi kliniki. Andika maneno matatu ya kwanza utakayomwambia, na ueleze kwa nini umeyachagua.

3. Kijana mpole ameanza kutukana watu tangu juzi, naye ana homa. Utapima nini kwanza, na utawauliza nini waliomleta?