Bega la Mchumaji Aliyeanguka

Mtu akianguka mkarafuuni sote huuliza habari ya mfupa. Lakini akifikia bega na shingo ikapindwa kando, huweza kuvutika au kukatika mishipa ya fahamu, ile mizizi 5 itokayo shingoni kwenda mkononi. Ya juu ikiumia, mkono hauinuki na nyama ya bega hunyauka. Kuchua, tukupendako sana, hakuungi mshipa. Uliovutika huweza kuota tena, kama milimita 1 kwa siku. Uliokatika hutaka upasuaji, na heri kabla ya kutimia miezi 6. Basi wagonjwa tunaowapeleka kwa jamaa Temeke na Kinondoni wasikae majumbani: waanzie Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, waombe barua ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Daktari akiruhusu, mkono ule unyanyuliwe taratibu kila siku, kiungo kisigande.