Programu Ikijifunga Katikati ya Malipo: Uangalie Nini, Uandike Nini

Somo la leo linahusu jambo linalomtoa mtu jasho. Umeingiza kiasi, umeweka nambari ya siri, umebonyeza Tuma, halafu programu inajifunga yenyewe. Je, pesa zimeenda ama hazijaenda?

Hapo kuna maswali mawili, na kila moja lina njia yake. La kwanza: pesa ziko wapi? La pili: programu ilijifunga kwa nini? Anayeyachanganya hutuma mara ya pili kwa haraka, na hapo ndipo hasara huanza.

Kwanza, pesa ziko wapi?

Tuseme umenunua ndizi sokoni na unamlipa mkulima shilingi 3,200. Ukibonyeza Tuma, ombi linatoka kwenye simu, linafika kwenye mitambo ya malipo, linashughulikiwa, kisha jibu linarudi kwako. Programu inaweza kujifunga katika hatua yoyote. Ikijifunga kabla ombi halijatoka, pesa hazijaguswa. Ikijifunga baada ya ombi kufika, malipo yanaweza kukamilika hata kama simu yako imezima kabisa, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki ndani ya simu.

Kwa hivyo tulia, usitume tena. Ngoja ujumbe wa uthibitisho, angalia salio, kisha angalia orodha ya miamala. Muulize pia unayemlipa kama imeingia. Ukiona muamala umekamilika na una nambari yake ya kumbukumbu, hiyo imeenda. Ukiona bado unasubiri, ama salio limepungua na mwenzako hajapata kitu, wasiliana nasi kabla ya kujaribu tena.

Programu huandika nini inapoanguka

Programu ni mfululizo wa maagizo. Agizo moja likikuta kitu lisichotarajia, kwa mfano nafasi tupu mahali palipopaswa kuwa na jina la mpokeaji, hutoa ishara ya hitilafu. Mafundi huweka mitego ya kuinasa ishara hiyo mapema, ndiyo maana wakati mwingine unaona tu maneno "Jaribu tena baadaye" na kazi inaendelea. Ishara isiponaswa popote, simu huifunga programu nzima.

Programu yenye kinasa hitilafu huwahi kuandika mambo machache kabla haijafungwa: aina ya hitilafu, mstari wa programu ilipotokea, mlolongo wa maagizo yaliyotangulia, toleo la programu, aina ya simu, nafasi iliyobaki kwenye kumbukumbu, na saa. Ripoti hiyo hukaa ndani ya simu. Kwa kawaida hutumwa kwa mafundi programu inapofunguliwa tena ikiwa na mtandao.

Ndiyo maana tunakuomba usikimbilie kufuta programu na kuiweka upya, wala kufuta data zake. Ukifuta kabla ripoti haijaondoka, umefuta ushahidi. Mtandao ukirudi, ifungue tena, iache kidogo, lakini usitume pesa.

Kuna nyakati ambapo hakuna kinachoandikwa. Betri ikiisha ghafla, programu haipati hata nafasi ya kulalamika. Vilevile simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuizima programu moja ili nyingine zipate nafasi, na kinasa hitilafu kisione kitu. Hapo shahidi ni mmoja tu: wewe.

Uandike nini

Andika mara moja, hata kwenye karatasi ya risiti:

1. Tarehe na saa. Andika kama simu inavyoonyesha, kwa mfano 14:10. Ukisema "saa mbili", mmoja ataelewa asubuhi, mwingine usiku, na mwingine atafikiria saa mbili ya Kizungu. Kumbuka mitambo mingi huhifadhi saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa 3. Fundi akianza na saa yenye utata, atatafuta mahali pasipo.
2. Hatua ya mwisho. Ulikuwa unaingiza kiasi, unachagua jina, ama tayari umebonyeza Tuma?
3. Maneno uliyoyaona. Yanakili neno kwa neno. Kwenye simu nyingi za Android unapiga picha ya skrini kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti.
4. Simu na matoleo. Aina ya simu na toleo la Android utavipata kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu.
5. Hali ya simu. Betri, mtandao, na kama ina laini mbili, ni ipi ilikuwa inatumika. Ukiwa bondeni ambako mtandao huja na kutoweka, sema hivyo.
6. Inajirudia? Ilitokea mara moja, ama kila ukifungua ukurasa huo?

Linganisha ripoti hizi mbili:

*"App yenu imenisumbua, rudisheni pesa."*

*"Leo 14:10 nilikuwa natuma 3,200. Nilibonyeza Tuma, skrini ikawa nyeupe, ikajifunga. Betri 40, mtandao kijiti kimoja. Salio halijabadilika. Juzi ilifanya hivyo hivyo."*

Ya kwanza ni kilio cha haki, lakini fundi hana pa kuanzia. Ya pili inampeleka karibu na tatizo lenyewe.

Tabia hii ni ya zamani. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mafundi wa kompyuta ya Mark II walimkuta nondo ndani ya mtambo. Walimbandika kwenye daftari na kuandika saa, 15:45, na mahali: rilei namba 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo.

Usiandike nini

Nambari ya siri haihitajiki kamwe katika ripoti ya hitilafu. Wala msimbo wa uthibitisho unaotumiwa kwa ujumbe. Anayekuomba mojawapo ni mwizi, hata akijua jina lako na kiasi ulichokuwa unatuma. Usiweke picha ya skrini hadharani Facebook ama kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu matapeli husoma humo, kisha hukupigia wakijifanya huduma kwa wateja. Tuma ripoti kupitia sehemu ya Msaada ndani ya programu, ama piga nambari yetu rasmi wewe mwenyewe.

Kwa ufupi: usitume tena, angalia salio na miamala, andika ulichokiona, usifute programu, na siri yako ibaki yako. Mfundishe pia mzazi ama jirani anayetumia simu ya malipo, kabla siku hiyo haijamfika.