Gesi Ipo, Lakini Hisa Yangu Je?



Ijumaa moja baada ya swala, mwanafunzi wa mwaka wa pili alinivuta pembeni tukiwa bado tunatafuta viatu vyetu. Ni kijana wa Mtwara, mpole, si mtu wa maneno mengi. Kaka yake anayefanya kazi Muscat alikuwa amemtumia ada ya mihula miwili kwa pamoja. Yeye alitaka kulipa muhula mmoja, na fedha ya muhula wa pili airudishe kwa kaka yake ili amnunulie hisa za Aminex katika Soko la Hisa la London, kabla bei haijapanda.

"Kaka, gesi iko kwetu Ntorya. Si habari ya kuhadithiwa. Na Waomani wenyewe wameingia. Hatari iko wapi?"

Kwa kuwa nasoma masomo ya fedha, watu hudhani nina majibu mfukoni. Tulikaa jioni mbili baada ya Ishaa. Naandika hapa yale tuliyozungumza kwa sababu hayuko peke yake. Tangu bomba la Hoima hadi Tanga lianze kutajwa kila siku hapa Uganda, nimeulizwa swali hili kwa sura nyingi.

Jambo la kwanza nililomwomba ni kutenganisha gesi na hisa. Gesi ni mali iliyo chini ya ardhi, na mwenyewe ni taifa. Hisa ni fungu lako katika kampuni iliyopewa leseni ya kuitafuta na kuitoa. Gesi inaweza kukaa salama ilipo miaka na miaka, na kampuni ikafa juu yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, lakini ilianza kutumika Dar es Salaam 2004. Miaka 30! Ile ya Mnazi Bay, jirani kabisa na nyumbani kwa huyu kijana, iligunduliwa 1982, na mauzo makubwa yakasubiri bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa 2015.

Tukaja Ntorya yenyewe. Kisima cha kwanza kiligundua gesi 2012. Cha pili kilichimbwa 2017, nacho kilipojaribiwa kilitoa takriban futi za ujazo milioni 17 kwa siku. Hilo ni jambo zuri. Mwaka 2018 Aminex ikakubaliana na ARA Petroleum, kampuni ya kundi la Zubair la Oman, ichukue nusu ya eneo na kuwa mwendeshaji. Kukamilisha makubaliano hayo kulichukua hadi Oktoba 2020. Leseni ya uendelezaji ikatoka 2024. Hesabu mwenyewe: miaka 12 tangu kisima cha kwanza, na hata hapo bado ilihitajika njia ya bomba ya kufikisha gesi kwenye mtambo wa Madimba.

Kijana akasema, "Lakini si wamesubiri, na sasa yamekaribia?"

Nikamuuliza: muda wote huo wafanyakazi walilipwa na nani? Kampuni ya utafutaji haiuzi kitu mpaka gesi itoke. Ofisi, wanajiolojia, ukaguzi, ada za leseni, yote hulipwa kwa mtaji. Mtaji ukiisha, njia ni tatu: kukopa, kumkaribisha mbia na kumkatia kipande cha eneo, au kutoa hisa mpya. Hapa ndipo wengi wetu hatuoni. Chukua kampuni yenye hisa 100,000, nawe una 1,000, yaani asilimia moja. Ikitoa hisa nyingine 100,000 nawe huna fedha ya kununua, hisa zako bado ni 1,000 lakini fungu lako limekuwa nusu ya asilimia. Hakuna aliyekuibia. Umekunjwa tu ukabaki mdogo.

Ndiyo maana bei ya peni chache kwa hisa isikuvutie. Aminex ina hisa zaidi ya bilioni nne. Ukitaka kujua kampuni inauzwa ghali au rahisi, zidisha bei kwa idadi ya hisa zote. Bei ya hisa moja peke yake haikuambii chochote. Kwa upande wa haki, mbia wa Oman alikubali kubeba sehemu ya gharama za Aminex hadi dola milioni 35, na huo ni unafuu mkubwa kwa mwenye hisa mdogo. Lakini uendeshaji umeshika mkono mwingine, na Aminex imebaki na robo ya eneo.

Mfano uliomnyamazisha ni wa Ophir Energy. Kampuni hii iliingia Soko la London mwaka 2011 kwa peni 250 kwa hisa. Pamoja na BG walikuta gesi nyingi sana katika bahari kuu ya Tanzania, wala si kisima kimoja. Ophir ikauza sehemu ya fungu lake kwa Pavilion ya Singapore kwa zaidi ya dola bilioni 1.2. Ikawa pia na mradi mwingine mkubwa wa gesi Guinea ya Ikweta, lakini fedha za kuujenga zikakosekana, na mwisho wa 2018 leseni ikaisha bila kuongezwa. Mwaka 2019 kampuni nzima ikanunuliwa na Medco ya Indonesia kwa peni 57.5 kwa hisa. Aliyenunua siku ya kwanza na kushikilia mpaka mwisho, gesi aliipata kama alivyoahidiwa, na bado aliuza kwa chini ya robo ya fedha yake.

Nisije nikaonekana natisha tu. Wentworth, iliyokuwa na fungu Mnazi Bay, ilifika ikagawa gawio, na Desemba 2023 Maurel & Prom ikainunua kwa peni 32.5 kwa hisa. Tofauti yake ni kwamba ilikuwa na gesi inayotiririka na mteja anayenunua. Na hata hapo mteja ni mmoja tu, serikali kupitia mashirika yake. Kiliwani Kaskazini nayo, ya Aminex hiyohiyo, ilianza kuuza gesi 2016 kutoka kisima kimoja. Haikupita miaka mingi shinikizo likashuka.

Jioni ya pili akaniuliza kama ni halali. Mimi si mufti, na mwenye swali zito aende kwa wanachuoni. Ninachokijua ni kwamba asili ya hisa ni ushirika katika mali na biashara, na biashara ya gesi yenyewe haina tatizo. Yako mambo matatu ya kuangalia. Mkopo wa riba: kiwango cha AAOIFI kinataka usizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Kampuni changa ambayo mali yake karibu yote ni fedha iliyoko benki: kuinunua kunakaribia kubadilishana fedha kwa fedha, na hilo lina masharti yake. La tatu ni nia na namna ya kununua. Kutojua kama kisima kitatoa gesi ni hatari ya kawaida ya biashara, kama mkulima asivyojua mvua. Lakini ukinunua Jumatatu kwa sababu umesikia matokeo ya kisima yatatoka Alhamisi, bila kufungua hata ukurasa mmoja wa hesabu, hapo mimi naona harufu ya kamari.

Nalisema hili kwa aibu, maana nilifanya hivyo hivyo. Niliwahi kuweka akiba yangu katika kampuni moja ya utafutaji, jina nalihifadhi. Nilisoma kila tangazo lao la ugunduzi. Ukurasa wa fedha taslimu sikuufungua. Kampuni ilikuwa na fedha ya miezi mitano, na kisima kilihitaji miezi tisa.

Kwa hiyo tulifungua taarifa za mwaka za Aminex katika simu yake, pamoja, na nikamwachia kazi tatu: fedha iliyopo ni ya miezi mingapi, hisa zimeongezeka kwa kiasi gani katika miaka mitano, na nani analipa bomba. Alikaa nazo mpaka saa tano usiku.

Jumatatu alilipa ada ya mihula yote miwili. Kaka yake, nasikia, amenunua kidogo kwa fedha yake mwenyewe, na kila wiki humpigia kumuuliza habari za Ntorya.