Mada ya 7: Kupima Programu kwa Hifadhi Bandia

Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, liko kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro. Chukulia kwamba umepewa kazi ya kuandika programu ya ghala moja pale. Mkulima akileta magunia, idadi inaingizwa kwenye hifadhidata. Akitaka kuyatoa, programu inaangalia salio lake, kisha inaruhusu au inakataa. Ikikosea, mkulima mmoja atauza magunia ya mwenzake. Kwa hiyo kanuni ya kutoa magunia lazima ipimwe kila unapobadilisha programu.

Ukiipima kwa hifadhidata halisi, jaribio la leo huacha kumbukumbu zinazovuruga jaribio la kesho. Tena mtandao ukikatika jaribio linafeli, ingawa kanuni yako haina kosa lolote.

Anza kwa kutenganisha. Sehemu inayozungumza na hifadhidata iweke peke yake. Tuiite hifadhi (wengine husema ripozitori). Kanuni ya kutoa magunia ikabidhiwe hifadhi kutoka nje, isijitengenezee yenyewe. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii, na bila hiyo yanayofuata hayawezekani. Wakati wa jaribio, badala ya hifadhi halisi, unaikabidhi kanuni hifadhi bandia, yaani moki. Mbinu hii ilielezwa na Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig katika makala yao ya mwaka 2000.

Mfano:

moki.salio("A") itoe 40
jibu = toaMagunia(moki, "A", 50)
hakiki: jibu ni "KATAA"
hakiki: moki.punguza haikuitwa

Angalia mstari wa mwisho. Programu inaweza kuandika KATAA kwenye skrini na huku nyuma ikapunguza salio kimyakimya. Anayehakiki jibu peke yake hataligundua kosa hilo; moki inaligundua kwa sababu inakumbuka ilivyoitwa. Hapo ndipo inapotofautiana na stabu, ambayo kazi yake ni kutoa majibu yaliyopangwa tu.

Usisahau mpakani. Mkulima mwenye magunia 40 akiomba yote 40, aruhusiwe. Aliyeandika "<" mahali pa "<=" atanaswa na jaribio hili, si lile la 50.

Tahadhari: moki hujibu kile ulichoiambia. Kama hifadhi yako halisi inasoma safu ya magunia yaliyoingia badala ya safu ya salio, majaribio yote ya moki yatafaulu na ghala litaibiwa. Ndiyo maana hifadhi yenyewe hupimwa kwa majaribio machache yanayotumia hifadhidata ya kweli, iliyotengwa kwa majaribio. Na kamwe usiifanye bandia kanuni unayoipima. Utakuwa unapima uongo wako mwenyewe.

Swali la 1. Juma anajaribu toaMagunia kwa salio 40 na ombi 15. Ahakiki nini kwenye moki?

Jibu: Kwamba punguza imeitwa mara moja tu, kwa "A" na 15. Ikiitwa mara mbili, mkulima atakatwa magunia 30.

Swali la 2. Andika jaribio la mkulima asiye na kumbukumbu yoyote ghalani. Moki yako itoe nini: 0, au taarifa kwamba mkulima hayupo? Toa sababu.